Somo la Mwezi: Hesabu ya Mwili, Kinachoingia na Kinachotoka

Mwezi huu tunaleta somo ambalo tumeulizwa mara nyingi. Katibu alisome kwa sauti, polepole, na mkifika penye hesabu msimame mhesabu pamoja.

Swali lenyewe tuliulizwa na kikundi kimoja cha akina mama. Mama mmoja aliinuka akasema, "Sisi si watu wa mjini. Jembe tunalishika tangu asubuhi, maji tunateka, nyama tunaiona Krismasi. Mbona basi tunanenepa, na presha na sukari zinatushika?"

Wengine walicheka, lakini mwenzao mmoja hakucheka. Baadaye alituita kando. Alikuwa ameambiwa kliniki kwamba sukari yake imeanza kupanda na apunguze uzito. Zamu yake ya mchango wa mzunguko ilipofika, pesa zote alinunua dawa ya kupunguza mwili kwa mtu aliyekuwa akipita na mkoba. Aliendesha wiki nzima. Alipojipima alikuta kilo 4 zimepungua, akafurahi. Mwezi haukuisha kilo zote zikawa zimerudi. Zile pesa zilikuwa za karo.

Somo hili ni kwa ajili yake, na kwa kila mtu aliye mahali pake.

KWA NINI TULIZUNGUMZE JAMBO HILI

Zamani tulijua njaa, na bado tunaijua. Hata leo mtu akikonda majirani hunong'ona kwamba ni mgonjwa, na akinenepa husifiwa kuwa maisha yamemkubali. Kwa hivyo wengi hawapendi kusikia habari ya kupunguza uzito.

Lakini hali imebadilika. Utafiti wa serikali yetu wa mwaka 2008 na 2009 ulionyesha kwamba wanawake 25 katika kila 100, wenye miaka 15 hadi 49, walikuwa na uzito kupita kiasi. Mwaka 2014 walikuwa wamefika 33. Uzito huo huleta kisukari, presha, maumivu ya magoti na ugonjwa wa moyo. Magonjwa haya hayaondoki kwa wiki moja kama malaria. Ni dawa za kila mwezi, na nauli ya kliniki kila mwezi.

Kuna habari njema pia. Huko Marekani, mwaka 2002, yalitolewa matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, lakini walikuwa hawajapata kisukari chenyewe. Baadhi yao walifundishwa kula vizuri na kutembea dakika 150 kwa wiki. Lengo lao lilikuwa kupunguza sehemu 7 tu katika kila 100 za uzito wao. Kwa muda wa miaka 3 hivi, kisukari kilipungua kati yao kwa asilimia 58 kuliko kwa wale ambao hawakufundishwa. Kwa mtu wa kilo 80, sehemu 7 katika 100 ni kilo 5 na nusu hivi. Si lazima mtu awe mwembamba kama msichana. Kilo chache zinatosha kuleta faida.

KALORI NI NINI?

Neno kalori mmelisikia kwa wauguzi na redioni. Ni kipimo tu, kama vile lita ni kipimo cha maji na kilo ni kipimo cha unga. Kalori hupima nguvu iliyomo ndani ya chakula, kama vile moto ulivyojificha ndani ya kuni.

Chukueni lita moja ya maji. Kuyapasha joto kwa digrii moja kunahitaji kalori moja. Maji ya digrii 20 mkitaka yachemke, yaani yafike digrii 100, mtahitaji kalori 80. Sasa, kijiko kimoja cha chai cha sukari, kikiwa kimesawazishwa, kina gramu 4 za sukari na kalori 16. Kwa hivyo nguvu iliyo katika vijiko 5 vya sukari ingetosha kuchemsha lita nzima ya maji! Ndiyo maana tunasema chakula ni kuni za mwili.

Hapa kuna vipimo vichache. Katibu aviandike:

- Sukari, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa: kalori 16.
- Mafuta ya kupikia, kijiko kimoja kikubwa: kalori 120.
- Unga wa mahindi, gramu 100: kalori 360 hivi.
- Maharagwe makavu, gramu 100: kalori 340 hivi.
- Yai moja: kalori 70 hadi 80.
- Sukuma wiki mbichi, gramu 100: kalori 30 hadi 50.
- Soda, chupa ya mililita 300: kalori 120 au zaidi kidogo.

Mmeona? Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kinashinda gramu 100 za sukuma wiki mara mbili hadi nne. Tunaposema "nimekula mboga tu", hebu tuulize, mboga hiyo imekunywa vijiko vingapi vya mafuta?

KITABU CHA MWEKA HAZINA

Kila kikundi kina mweka hazina, na kitabu chake kina safu mbili, za kinachoingia na kinachotoka. Kinachoingia kikizidi, salio huongezeka. Kinachotoka kikizidi, salio hupungua. Hakuna uchawi hapo.

Mwili nao una kitabu chake. Kinachoingia ni chakula na kinywaji. Kinachotoka ni nguvu ya kupumua, ya moyo kupiga, ya kuweka mwili joto, ya kuyeyusha chakula, na ya kazi tunazofanya. Hata ukilala mwili unatumia. Mama mtu mzima hutumia kalori kama 2,000 kwa siku, baba kama 2,500. Mwenye mwili mdogo hutumia chini ya hapo, na mwenye kazi ngumu hutumia zaidi.

Chakula kikizidi matumizi, mwili hautupi masalio. Unayaweka akiba kama mafuta tumboni, mapajani na kiunoni. Matumizi yakizidi chakula, mwili huenda kwenye akiba ukachota. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kalori 7,700 hivi.

Tukumbuke jambo moja. Mweka hazina hafungi hesabu kila saa. Anafunga mwisho wa mwezi. Mwili ni vivyo hivyo. Sherehe ya siku moja haimnenepeshi mtu, na kukosa chakula cha mchana siku moja hakumkondeshi. Hesabu inayotushika ni ya kila siku, mwezi baada ya mwezi.

PESA NDOGO NDOGO NDIZO ZINAZOPONYOKA

Kikundi hakifilisiki kwa kununua ng'ombe, kwa sababu ng'ombe kila mtu anamwona. Kinafilisika kwa shilingi kumi kumi ambazo hakuna aliyeandika. Katika chakula, shilingi kumi kumi hizo ni sukari na mafuta.

Tupige hesabu ya mama mmoja. Anakunywa vikombe 3 vya chai kwa siku, na kila kikombe anatia vijiko 4 vya sukari. Hivyo ni vijiko 12, yaani kalori 192. Akipunguza hadi kijiko 1 kwa kikombe, ni vijiko 3, kalori 48. Ameokoa kalori 144 kwa siku, na chai bado anakunywa.

Tena anapikia watu 4 mboga mchana na jioni, na kila sufuria anamimina vijiko vikubwa 4 vya mafuta. Akitumia vijiko 2, kila sufuria imepungua kalori 240. Tukigawanya kwa watu 4, kila mmoja amepunguza 60. Mchana na jioni ni 120.

Sasa 144 na 120 ni 264 kwa siku. Zidisha kwa siku 30, utapata 7,920. Hiyo ni kama kilo moja ya mafuta ya mwilini kwa mwezi, na ugali hajaugusa!

Wacha tuendelee kuhesabu, maana kuna faida ya pili. Vijiko 9 vya sukari kwa siku ni gramu 36, na kwa mwezi ni zaidi ya kilo moja ya sukari. Vijiko vikubwa 4 vya mafuta kwa siku, kila kimoja mililita 15, kwa mwezi ni karibu lita 2. Kilo ya sukari na karibu lita mbili za mafuta zimebaki dukani, na pesa zake zimebaki mfukoni. Pesa hizo zinaweza kununua maharagwe, ndengu, omena au mayai, vyakula vinavyojenga mwili na kushibisha muda mrefu.

Tuseme ukweli, hesabu hii haitakwenda hivyo milele. Mwili ukipungua unahitaji chakula kidogo kuliko mwanzo, kwa hivyo kilo za miezi ya baadaye hutoka polepole. Mtu asikate tamaa. Kutonenepa tena nako ni ushindi.

Mambo mengine madogo ya kuangalia ni haya. Viazi vya kuchemsha na chipsi ni viazi vile vile, lakini gramu 100 za chipsi zina kalori mara tatu au zaidi, kwa sababu ya mafuta. Mandazi na chapati pia hunywa mafuta. Mafuta ya kupima yasimiminwe kutoka chupani moja kwa moja. Yapimwe kwa kijiko. Na sahani igawanywe hivi: nusu iwe mboga kama sukuma, kunde, managu au mchicha, robo iwe ugali, viazi au mchele, na robo iwe maharagwe, samaki, yai au nyama.

JE, JEMBE HALITOSHI?

Tunarudi kwa swali la yule mama wa kwanza. Mbona anayelima ananenepa?

Wataalamu walipima jambo hili hapa hapa Afrika Mashariki. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali, na wanatembea sana. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 yaliwashangaza wengi. Ukilinganisha ukubwa wa miili yao, Wahadzabe hawatumii kalori nyingi kwa siku kuliko watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa vitini. Inaonekana mwili uliozoea kazi hujua kubana matumizi mahali pengine.

Maana yake si kwamba kazi haina faida. Kutembea na kulima huimarisha moyo, mifupa na misuli, hushusha sukari na presha, na humsaidia aliyepungua asirudi alikotoka. Lakini tusitegemee jembe peke yake lilipe deni la sahani. Mama wa kilo 70 akitembea nusu saa hutumia kalori kama 100. Akinunua soda moja njiani amerudisha zote na zaidi. Mzigo mkubwa wa kupunguza uzito uko jikoni.

NJAA NA DAWA ZA HARAKA

Wengine husema, "Basi mimi nitaacha kula." Tafadhali usifanye hivyo.

Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, Ancel Keys na wenzake waliwalisha wanaume 36 waliojitolea karibu nusu ya chakula chao cha kawaida kwa miezi 6. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Lakini walihisi baridi hata wakati wa joto, mioyo yao ilipiga polepole, walikuwa wanyonge na wenye hasira, na mawazo yao yote yalikuwa chakula. Mwili ulifanya kama kikundi kilichoishiwa. Ulifunga matumizi yote usiyolazimika kuyafanya. Ajinyimaye sana hupoteza pia misuli, na siku uvumilivu ukimwisha anakula bila kipimo.

Na zile dawa za mkoba? Zile zinazoharisha au kukojoza hutoa maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo mizani inashuka kweli, lakini akiba ya mafuta haijaguswa. Ukinywa maji, kilo zinarudi. Zaidi ya hayo, kuharisha sana huharibu chumvi za mwili na kunaweza kudhuru figo na moyo. Yule mwenzetu alilipia maji yake mwenyewe.

Ukipunguza nusu kilo kwa wiki, au hata kilo moja kwa mwezi, unakwenda vizuri.

WASIOPASWA KUPUNGUZA

Sehemu hii msiiruke.

Mama mjamzito, mama anayenyonyesha, mtoto, kijana anayekua na mgonjwa aliyedhoofika wasipunguze chakula, isipokuwa muuguzi amewaelekeza. Anayetumia dawa za kisukari aongee na kliniki kwanza, kwa sababu akipunguza chakula bila dawa kurekebishwa sukari inaweza kushuka ghafla akazimia.

Mara nyingi katika nyumba moja utakuta mama mzito na mtoto aliyekonda, nao wanakula sufuria moja. Tumbo la mtoto mdogo ni dogo, na anahitaji nguvu nyingi katika chakula kidogo. Kwa hivyo mama akipunguza mafuta katika sufuria, amwongezee mtoto kwenye sahani yake kijiko cha mafuta, au amtilie njugu za kusaga kwenye uji. Tusipunguze uzito wa mama kwa kumkondesha mtoto.

Tena, mtu akikonda bila kujaribu, tusimpongeze na tusimnong'one. Tumpeleke hospitali. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, jasho jingi usiku na kukonda ni dalili za kifua kikuu. Kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kukonda huku anakula vizuri ni dalili za kisukari. Huyo kitabu chake kinavuja: chakula kinaingia, lakini sukari inatoka kwa mkojo kabla haijatumika.

MKIKUTANA: KIPIMO CHA KAMBA

Vikundi vingi havina mizani. Leteni kamba isiyovutika.

1. Msimamishe mtu bila viatu, mpime urefu wake kwa kamba kutoka kisigino hadi utosini, kisha mkate.
2. Kunjeni kamba hiyo mara mbili, iwe nusu.
3. Aizungushe kiunoni, juu kidogo ya kitovu, akiwa amepumua kawaida. Asivute tumbo ndani!
4. Ncha zikikutana, kiuno chake ni chini ya nusu ya urefu wake, na hiyo ni vizuri. Zisipokutana, mafuta ya tumboni yamezidi. Aende apimwe presha na sukari.

Mama mjamzito asipimwe hivi. Na hakuna wa kulazimishwa wala kuchekwa. Anayetaka ajipimie faraghani, aiweke kamba yake, ajipime tena baada ya miezi 3.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Chai ya mkutano wetu ina vijiko vingapi vya sukari kwa kila kikombe? Na mandazi je? Hesabuni kalori za sukari hiyo kwa mikutano ya mwaka mzima.
2. Nyumbani kwako chupa ya mafuta huisha kwa siku ngapi? Gawanyeni kwa idadi ya watu.
3. Katika kijiji chetu, mtu akinenepa husemwa nini? Akikonda je? Maneno hayo yanatusaidia?
4. Ni nani nyumbani kwetu hapaswi kupunguziwa chakula, na tutamlindaje tukibadilisha mapishi?

Kabla ya kumaliza, mtataka kujua habari za yule mwenzetu. Hakununua dawa nyingine. Kikundi chake kilikubaliana kuweka sukari mezani badala ya kuitia ndani ya birika, kila mtu ajitilie mwenyewe, na badala ya mandazi wakaleta viazi vitamu na ndizi. Yeye nyumbani alianza kupima mafuta kwa kijiko. Baada ya miezi 7 alikuwa amepungua kilo 5. Kliniki wamemwambia aendelee hivyo hivyo na arudi kupimwa. Alipotuona alituonyesha kamba yake. Ncha hazijakutana bado, zimebakisha vidole viwili.

Zamu yake ya mchango imekaribia tena. Safari hii, alisema, pesa zinakwenda shuleni moja kwa moja.